Mkwe Nyuma ya Kitenge

Kokubanza alikuwa hajawahi kumwona mkwe wake usoni, wala hakuwa na nia ya kumwona. Alimjua kwa sauti na kwa miguu. Kwa Wahaya wa rika lake, mama na mume wa binti yake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite, na salamu hupitia kwa mtu wa tatu hata kama wote watatu wamo chumba kimoja. Waswahili husema macho hayana pazia. Aliyesema hivyo hakuwa na mama mkwe mzaliwa wa Bumbire.

Mwaka huo macho ya Kokubanza yalianza kumuaga. Daktari aliyepita Bukoba hakumficha kitu: ugonjwa ule hauna dawa, na kabla ya mvua za vuli atakuwa gizani. Kokubanza hakulia. Alimwomba binti yake, Felicitas, jambo moja tu. Alitaka kukiona tena kisiwa cha Bumbire, alikozaliwa na alikotolewa akiwa bibi harusi. Mtumbwi hakutaka hata kuusikia tangu ziwa lilipommeza kaka yake, lakini upande wa Muleba kuna kilima ambacho ukisimama juu yake kisiwa chote unakiona.

"Nikione kwa macho haya haya," alisema, "halafu yafunge yakitaka."

Sasa gari. Siku zile za ujamaa kila kitu kilikuwa chetu sote, isipokuwa Peugeot ya Protase. Protase alikuwa na duka Kashai, na gari lake alilipenda kuliko mkewe. Alikubali kulitoa siku ya Sabasaba kwa sharti kwamba usukani aushike mwalimu Mujuni, mtu asiyeonja lubisi, pombe ya ndizi, hata kwenye arusi yake mwenyewe. Na Mujuni ndiye aliyekuwa mkwe.

Kokubanza alisusa siku mbili. Siku ya tatu alitoa kitenge chake cha kanisani, akaamuru kifungwe katikati ya gari, kutoka dirisha hadi dirisha, mbele akae dereva na nyuma wakae yeye na binti yake. Kioo cha kutazamia nyuma kiligeuzwa kikatazama paa. Mujuni akatoka Bukoba bila kujua kama nyuma yake kuna lori au ng'ombe.

Asubuhi ilikuwa nyeupe na laini. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, na kwa macho ya Kokubanza halikuwa maji tena bali mwanga mpana uliokuwa ukienda pamoja nao. Aliegemea dirisha, upepo ukimpiga shavuni. Migomba ilipita kama watu wanaopunga mikono, kila mmoja akayeyuka kabla hajamtambua. Aliona raha ambayo hakuitarajia, na aliona hofu pia, kwa sababu kila kilichopita alijua kinapita moja kwa moja.

"Niambie unachokiona," alimwambia Felicitas.

"Maji, Mawe," alijibu binti, akimwita mama kwa Kihaya.

"Na baada ya maji?"

"Maji mengine."

Felicitas alikuwa mtoto mwema, lakini Mungu alipogawa ulimi yeye alikuwa kisimani. Hapo sauti ikatoka mbele, ya upole, kana kwamba inazungumza na usukani.

"Mwambie mama tunateremka kuelekea Kemondo. Meli imetia nanga, moshi wake umesimama wima kama mgomba. Kuna wanawake wanaanika dagaa, na mmoja wao anagombana na kunguru."

"Mawe, anasema..."

"Nimesikia," alisema Kokubanza. "Mwulize nani anashinda."

"Kunguru, mama," alijibu Mujuni.

Kokubanza alicheka kabla hajakumbuka kwamba si ruhusa. Akajifunika mdomo kwa kanga, na hakuufunua mpaka walipofika Muhutwe.

Huko Sabasaba ilikuwa imepamba moto. Bendera za TANU zilining'inia barabarani, watoto wa shule walipita wakiimba habari za kilimo cha pamoja, na gari likasimama kuwapisha. Mujuni alizieleza nyumba mpya za kijiji zilizopangwa mstari, mabati yake yakimeremeta, na bibi mmoja aliyekataa kuhamia huko akiwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya msonge na kuwatolea watoto ulimi. Felicitas alikuwa keshalala, kichwa kikigonga kioo. "Mwambie mama" za Mujuni zikawa zinapungua, kisha zikaisha. Hakuna aliyeona zilipoishia. Kokubanza alimwuliza habari za miti, naye akajibu. Mama akamsimulia jinsi baba yake alivyokuwa akivua sangara mkubwa kuliko mtoto, na mkwe akasema, "Sangara, mama? Sangara si ameletwa juzi tu?" Mama akakubali kwamba labda alikuwa kambare. Ndizi za mchana walizila kando ya njia, kila mmoja upande wake wa gari, Mujuni akikohoa kabla ya kunyanyuka ili mama awahi kujifunika.

Kokubanza alifikiri: huyu mtu ndiye amekuwa akiishi na mwanangu miaka yote hii, na mimi sikujua kwamba anachekesha. Wazo hilo lilimuuma.

Jua lilikuwa limeshaanza kuinama walipopanda kilima. Felicitas bado alikuwa usingizini, wakamwacha. Kokubanza alishuka na kanga kichwani, akaenda polepole mpaka ukingoni, na Mujuni akasimama nyuma yake amempa mgongo, kama mila inavyotaka.

"Leo anga ni safi, mama. Kisiwa kipo moja kwa moja mbele yako."

Kokubanza alitazama. Aliinua kanga, akatazama tena. Alikaza macho mpaka yakatoa machozi. Kulikuwa na weupe, na juu ya weupe weupe mwingine, na hakuna kingine.

"Mbele wapi?"

"Kirefu, kimelala. Kijani juu, chini mawe. Kuna mitumbwi miwili inatoka..."

"Acha," alisema. "Acha, mwanangu. Sikioni. Nimechelewa."

Akaketi majanini, akalia waziwazi, kilio cha mtoto aliyenyang'anywa. Mujuni hakugeuka. Hakujua mkono wa mkwe uwekwe wapi katika saa kama hiyo, maana mila haikumfundisha.

Alipochoka kulia, Kokubanza alifuta uso na kuvitazama viganja vyake. Aliviona vizuri. Aliona nyufa za jembe, pete iliyolegea, na unyasi uliomnasa kidoleni. Yaliyokuwa yamemkimbia ni ya mbali. Ya karibu yalikuwa bado yanamsubiri, ingawa hayangesubiri sana.

"Wewe," aliita. "Njoo hapa mbele yangu."

"Mama, ni mwiko."

"Naujua mwiko huo tangu kabla hujazaliwa. Njoo."

Alikuja kwa hatua za mtu anayeingia kanisani, akapiga magoti. "Sogea," alisema. Akasogea. "Sogea tena." Akasogea mpaka ukungu ukamwachia uso mzima. Kokubanza alimtazama. Alikuwa na mvi, jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Miaka yote alikuwa amemvisha sura ya kijana, yenye kiburi kidogo, na kumbe ni mzee mzee hivi, paji limekunjamana, pengo kinywani, macho mekundu kwa vumbi na kwa kulia kimya kimya akiwa amempa mgongo.

Mlango wa gari ulifunguka. Felicitas aliwaona, akashika kichwa.

"Mawe! Jamani, aibu gani hii?"

"Nyamaza," alisema Kokubanza bila kugeuka. "Bado ninamtazama."