Mashua ya Ghorofa Mbili

Muthoka aliichagua mashua ile kwa sababu ilikuwa na ghorofa mbili. Mama mkwe wake angekaa chini pamoja na Mutheu, mke wa Muthoka, penye kivuli na viti vya mito, naye angepanda juu na wageni wengine akatazame upande wa pili. Wangezunguka bahari ya Mombasa asubuhi nzima, wakila samaki, wakipigwa na upepo, na macho yake na ya mama mkwe yasilazimike kukutana hata mara moja. Aliona amefikiria kila kitu.

Kwa Wakamba, mume na mama wa mke wake wanatenganishwa na nthoni. Ni aibu, lakini si aibu ya kosa. Ni heshima iliyovaa nguo za aibu. Hawaketi meza moja. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja humpisha mwenzake. Na mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake kisha akarudi kwao akiwa na uso wa kutazama watu. Vijana wengi wa Machakos mjini wameiacha nusu nusu, wanaikumbuka siku za harusi tu. Muthoka alikuwa hajaiacha. Alimpenda mama yule, na hakuwa na njia nyingine ya kumwonyesha.

Mama mkwe aliitwa Kalondu. Aliishi Makima, ng'ambo ya bwawa la Masinga, upande wa Embu, ambako Wakamba wengi wamelima miaka na miaka. Kila sikukuu aliona mashua za wageni kutoka Nairobi zikipita bwawani na muziki. Siku moja alimwambia binti yake, "Mimi nataka nijue watu hao huwa wanaona nini huko katikati." Maneno hayo yalimfikia Muthoka kupitia kwa Mutheu, kama yalivyomfikia maneno yote ya Kalondu. Wakwe wengine huleta blanketi, wengine mbuzi. Yeye akaamua kumpa maji. Na kama ni maji, basi yawe bahari; bwawa lilikuwa dogo mno kwa jinsi alivyotaka kushukuru.

Ilikuwa wiki ya kuelekea Pasaka, mwaka wa pili wa korona. Watu walikuwa wameanza kusafiri tena na kuamini mabaya yameisha. Kalondu aliwasili Machakos Ijumaa asubuhi na begi dogo, raba nyeupe mpya, na kitambaa cha kufunga kichwani mpaka chini ya kidevu, maana alikuwa ameambiwa upepo wa baharini hauna adabu. Kanisani kwake akina mama walikuwa wamemwekea mikono wakamwomba Yesu aliyetuliza mawimbi asimame kwenye mashua hiyo. Jioni wangepanda gari mpaka Athi River, kisha treni ya usiku. Kwa hiyo hakukuwa na swali la mahali pa kulala. Mchana alikaa kwa jirani, Bi Fatuma, kwa sababu hata chai hangeinywa nyumbani kwa mkwe.

Saa tisa alasiri, redio ya duka la simu alikokuwa akifanya kazi Muthoka ilitoa tangazo. Kaunti tano zimefungwa kuanzia saa sita usiku, Machakos ikiwemo. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Kafyu itaanza saa mbili.

Masila, mwenzake wa dukani, aliacha kioo cha simu alichokuwa akibandika. "Boss, si huyo mama yako ni wa upande wa Embu?"

"Eeh."

"Mpandishe gari saa hii. Za Matuu bado ziko steji. Akifika Masinga kabla ya giza, boda itamvusha."

"Treni iko kabla ya saa sita," Muthoka alisema. "Saa sita ikigonga tutakuwa mbali."

"Na kafyu?"

"Niko na tiketi."

"Tiketi si pasi ya polisi, bro."

Muthoka alijua Masila amesema kweli. Alijua wakati uleule, wala si baadaye. Mutheu alipopiga simu kuuliza kama amesikia, alijibu, "Nimesikia, lakini haituhusu. Jitayarisheni." Hakutaja gari za Matuu. Alirudi kwenye kazi yake, na kila alipotazama nje aliona watu wakikimbia kuelekea steji na mizigo kichwani, akajiambia kwamba hao hawakuwa wamepanga mapema.

Jioni Mutuku, dereva aliyekuwa awapeleke Athi River, alifika langoni bila kuzima injini.

"Kijana, nikufikishe huko halafu mimi nilale wapi? Kwa seli? Wanarudisha watu."

Akageuza gari. Kufikia hapo steji ya Matuu ilikuwa imebaki na makaratasi tu.

Kalondu alisimama kando ya lango na raba zake nyeupe, mgongo kwa Muthoka. Alimwambia Mutheu kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Muulize, sasa mimi naenda wapi."

Mutheu alimgeukia mumewe. Muthoka alitazama ardhi. "Mwambie pole," alisema.

Ni Bi Fatuma aliyeokoa jioni ile. Alikuwa mjane aliyezaliwa Mombasa akaolewa Machakos, na aliishi nyumba ya tatu ya ploti walimopanga akina Muthoka, pamoja na binti yake Nuha. Alilichukua begi la Kalondu bila kuuliza. "Dada, utalala kwangu. Chumba cha Nuha kina vitanda viwili. Bahari yenyewe usiililie. Mimi nimezaliwa kando yake na sijawahi kupanda chombo cha kuzunguka nacho halafu nirudi palepale nilipotoka. Sisi tulipanda tukiwa na tunakokwenda."

Kalondu alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha akaingia kwa mgeni kulala kama mtu asiye na watoto.

Kila mmoja alifikiri ni jambo la siku chache. Mwenye mashua aliwatumia ujumbe kwamba nafasi zao zitangoja mpaka njia zifunguliwe. Pasaka ikapita. Mvua ilianza kunyesha, na kila asubuhi Kalondu alimuuliza Mutheu swali lilelile: "Wamefungua?" Shamba lake la ndengu, yaani choroko, lilikuwa limelimwa na kuachwa, mbegu zikiwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mvua ya Makima haimngojei mtu. Mwenye kuchelewa kupanda hula kwa majirani.

Tena kulikuwa na simu. Nzembi, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alipiga siku ile ya Pasaka yenyewe, wenzake wakipiga kelele nyuma yake. "Kalondu! Umeyaonja maji? Ni kweli yako na chumvi?" Kalondu aliyeombewa mbele ya madhabahu alijibu kwamba mtandao ni mbaya, akakata. Mutheu alimwona akiweka simu chini ya mto kana kwamba ni simu iliyodanganya. Hilo nalo alimweleza mumewe, na Muthoka hakula chakula chake.

Alijaribu kulipa kwa heshima. Ploti ilikuwa na nyumba sita zinazotazamana, bomba moja katikati na lango moja. Kalondu alizoea kukaa karibu na bomba na Mutheu wakichagua maharagwe. Hivyo kila alipofika langoni, Muthoka alikohoa. Baba yake alikuwa amemfundisha: mkwe hukohoa kabla hajatokea, mama apate nafasi ya kujitenga. Alikohoa akiingia, akakohoa akitoka, akakohoa asubuhi akienda bafuni. Na kwa kuwa dhamira yake ilimsumbua, alikohoa kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, mara mbili, mara tatu, mpaka aliposikia mlango wa Bi Fatuma ukifungwa.

Katika miaka mingine hakuna ambaye angegeuza kichwa. Mwaka ule watoto walianza kuvutwa ndani kwa mikono kila aliposikika. Mtu aliacha ndoo ya maji na sabuni mbele ya mlango wa Muthoka bila kubisha. Wavinya wa nyumba ya mwisho, ambaye mdomo wake haukujua barakoa wala breki, alisema bombani, "Huyo anakohoa kwa ratiba kama kengele ya misheni. Anatumaliza mmoja mmoja."

Jumamosi moja asubuhi Ndunda, msimamizi wa ploti, aliwaita watu uani. Wote walisimama mbali mbali, wengi barakoa zimevutwa mpaka machoni.

"Muthoka, mimi sina neno na wewe," Ndunda alianza. "Lakini mwenye nyumba amesema ama uende ukapimwe, ama utafute pengine. Na watu wa afya nimeshawapigia. Wakikuja na ile gari yao, ploti nzima itafungiwa."

"Mimi si mgonjwa."

"Na kukohoa?"

Muthoka alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba ndani ya nyumba ya tatu kuna mama mkwe wake, analala kwa watu kwa sababu yake? Kumtaja tu mbele ya umati ule ingekuwa kumvua kitambaa kichwani.

"Ni vumbi," alisema.

"Vumbi!" Wavinya aliruka. "Na mvua imenyesha wiki nzima! Vumbi linatoka wapi, mbinguni?"

Watu walicheka. Mutheu alikuwa karibu kulia. "Sema tu," alimnong'oneza. "Muthoka, sema." Hakusema. Alisimama pale akichekwa, na kwa namna fulani alishukuru, kwa kuwa ilikuwa adhabu, na adhabu alikuwa akiitafuta.

Mlango wa nyumba ya tatu ulifunguliwa. Kalondu alitoka akiwa amejifunga leso ya Bi Fatuma. Muthoka aligeuka haraka kutazama ukuta, lakini mama yule hakusimama kando. Alikuja mpaka katikati ya ua.

"Huyo hana ugonjwa," alisema. "Anakohoa ili nimpishe. Mimi ni mama ya Mutheu."

Kicheko kilikatika. Ndunda, Mkamba mwenzao na mtu mwenye wakwe wake, alivua kofia. "Aii, mwaitu, mama yetu! Na hakuna mtu angetuambia? Tusamehe."

"Tusamehe, mama," alisema hata Wavinya, akikazia macho ndoo iliyokuwa mlangoni kwa Muthoka.

"Nyinyi hamjanikosea," Kalondu alijibu. Kisha akageuka. "Muthoka."

Hakuwa amewahi kulitamka jina hilo mbele yake. Muthoka alihisi joto likipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Hakujua kama anaruhusiwa kumtazama, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Nataka kukuuliza mwenyewe, bila kumtuma mtoto. Siku ile ulijua saa ngapi kwamba wanafunga?"

Angeweza kusema ni muda mfupi tu kabla Mutheu hajampigia, gari zikiwa zimeisha. Hakuna aliyekuwapo dukani ila Masila.

"Saa tisa."

"Gari zilikuwa zimeisha?"

"Zilikuwa bado, mwaitu. Za Matuu. Masila aliniambia nikupandishe."

Mutheu aliondoa mkono wake begani mwa mumewe. Polepole, lakini kila mtu aliona.

"Na ukanyamaza," Kalondu alisema.

"Nilitaka uione bahari."

"Ulitaka niione? Ama ulitaka uwe umenionyesha?"

Muthoka alitafuta jibu ambalo lingekuwa la kweli na bado limwache na kitu. Halikuwepo. Alikuwa amewaambia wenzake dukani. Alikuwa amewaonyesha picha ya mashua, ghorofa ya chini na ghorofa ya juu, akisifiwa kwa utu wake. Kusema "haiwezekani tena" kulimshinda kwa sababu sifa hizo alikuwa ameshazila.

"Niwe nimekuonyesha," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. "Nisamehe."

Kalondu hakusema amesamehe. Alitoa simu yake kwenye leso, akabonyeza, akamnyooshea mkwe wake, mkono kwa mkono. Muthoka alisita, kisha akaipokea kwa mikono yote miwili.

"Ni Nzembi. Mwambie ni kwa nini sikuiona. Mimi nilimdanganya, na sitaki kumdanganya tena. Weka spika."

Uani hakuna aliyeondoka. Simu iliita mara kadhaa, halafu sauti ikajaa ploti nzima. "Kalondu wa bahari! Leo mtandao umepona?"

"Si yeye, mama," Muthoka alisema. "Ni mimi, mume wa Mutheu. Mama hakufika Mombasa. Hakuvuka hata Athi River. Yuko hapa Machakos tangu siku ile, na analala kwa jirani." Aliisogeza simu karibu na mdomo. "Ningeweza kumrudisha nyumbani kabla ya kufungwa. Nilijua, na sikumrudisha. Kosa si lake."

Ndunda aliinama kuangalia kama simu imekatika.

"Kwa hiyo tumekuwa tukitoa shukrani kanisani kwa safari ambayo haikuwa," sauti ilisema mwishowe. Nyuma yake mwanamke mmoja alicheka, mwingine akamnyamazisha. "Mkwe, umetufanya wajinga mbele ya Mungu. Hilo tutaongea ukija. Sasa, ndengu zake? Hapa watu wamemaliza kupanda."

Muthoka hakujua hata mbegu ziko wapi ndani ya nyumba ile.

"Leta," Kalondu alisema.

Muthoka alimrudishia simu. Kalondu alikaa kwenye kiti cha Mutheu kando ya bomba, akaanza kumweleza Nzembi: ufunguo uko kwa Kioko wa dukani, mbegu ziko kwenye gunia la bluu na si lile jeupe, jeupe ni la kula, waanze upande wa chini unaoshika maji, na wasiweke mistari karibu karibu kama mwaka ule mwingine. Nzembi alimkatiza na kubisha, naye akabisha tena. Majirani walianza kurudi nyumbani kwao. Mutheu aliingia ndani bila kumtazama mumewe, na sufuria zikasikika.

Muthoka alibaki amesimama hatua chache kutoka kwa mama mkwe wake. Hakujua kama anapaswa kuondoka kwa heshima au kubaki kwa heshima. Hakuna aliyemwambia aende, na hakuna aliyemwambia akae, basi akasimama pale akisikiliza jinsi shamba litakavyopandwa.