Kishindo Hakuruka

"Mwoga!" alisema Dereva, akakipiga kile kitabu cha katuni kwa mkono wake mmoja uliokuwa huru. "Mwoga wa kutupwa! Daraja linaanguka, watu wanalia, yeye kasimama juu ya ghorofa, joho linapepea kama pazia la sebuleni. Kurasa nne nzima, jamani. Hakuruka!"

Mkono wake wa pili ulikuwa umelazwa juu ya mto, sindano mbili ndani yake. Mrija mmoja ulitoa damu kuipeleka kwenye mashine, mwingine ukairudisha ikiwa imesafishwa. Dereva alikuwa ameendesha malori miaka ishirini na mbili kabla figo hazijamgomea. Siku hizi safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya saa nne, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na hasogei hata hatua moja.

"Punguza moto," Mwalimu akamwambia kutoka kiti cha dirishani. "Presha ikipanda mashine italia, halafu nesi atatufokea wote kama watoto wa chekechea."

"Bora nifokewe na nesi kuliko kuokolewa na huyu. Maana hata haji!"

Viti vilikuwa vitatu. Dirishani Mwalimu mstaafu, miwani puani, kalamu nyekundu mfukoni mpaka leo. Katikati Dereva. Na karibu na mlango alilala mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, karani wa mahakama, ambaye chumba kizima kilimwita Jaji, maana mabishano yote yaliishia kwake na akishasema, imepita. Pembeni yake, juu ya kistuli cha plastiki kilichojaa nyufa, alikaa kaka yake, fundi friji.

Fundi hakuwa mgonjwa. Yaani, kwa macho ya watu hakuwa mgonjwa. Alikuja kila siku ya mashine ili amrudishe mdogo wake nyumbani, kwa sababu akitoka hapo miguu yake inakuwa kama ya mtu mwingine. Na alipenda kuisikiliza ile mashine. Ilikuwa na pampu, ilikuwa na chujio, ilikuwa na mngurumo wake, na Fundi alikuwa na sikio la kujua friji inaumwa nini akiwa bado yuko mlangoni kwa mteja. Hii aliijua kwa sauti kama alivyoijua sauti ya mkewe. Isipokuwa hapa hakuruhusiwa kugusa hata skrubu.

Vitabu vya Kishindo, yule shujaa wa katuni mwenye joho, vililetwa na Mwalimu. Aliwanyang'anya wanafunzi wake darasani kwa miaka thelathini na hakuwahi kurudisha hata kimoja. "Sasa ndiyo naelewa kwa nini walikuwa hawanisikilizi," aliwaambia siku ya kwanza. Tangu hapo kitabu kilizunguka kiti kwa kiti. Wiki iliyopita walibishana siku mbili juu ya Bibi Kivuli, yule anayeokoa watu pale tu wapiga picha wa magazeti wakishafika. Dereva akasema huyo yuko kazini kama wafanyabiashara wengine. Mwalimu akasema mtu akishatolewa kwenye moto haulizi picha imetoka vipi. Jaji akahukumu kwamba Bibi Kivuli ni mnafiki mwenye manufaa, aachiwe huru kwa onyo.

Sheria ilikuwa moja tu. Atakayesema "ni hadithi tu" ananyamaza nusu saa. Kwa mtu aliyefungwa kwenye kiti, nusu saa ya kunyamaza ni kifungo kizito kabisa.

"Mimi naona Kishindo anaonewa," alisema Fundi.

"Haya, shemeji kaamka!" Dereva akafurahi. "Mtetee mwoga mwenzako."

"Shemeji yako nani?" Jaji akamrukia bila kufungua macho. "Unataka kuoa na huna hata figo moja ya mahari."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Hata nesi, aliyekuwa anaandika namba za presha ukutani, alitikisika mabega.

"Mimi nasema hivi," Fundi akaendelea. "Labda hakuwa na nguvu tena. Labda zilikwisha. Mtu huwezi kuruka na huna cha kurukia."

"Hilo ni kweli," alisema Mwalimu, akiomba kitabu kwa kidole. Dereva akampa nesi, nesi akampelekea. Mwalimu akafunua. "Ukurasa wa sita. Anajaribu kukunja nondo chumbani kwake. Haikunjiki. Anaificha chini ya kitanda. Ukurasa wa tisa, mtoto anamwomba amwinue juu, anasema ana haraka. Nguvu zimemwisha tangu mwanzo wa kitabu, nyie mmeangalia picha tu."

Dereva akakuna kidevu. "Kumbe. Basi si mwoga, maskini. Nafuta kauli."

Fundi akavuta pumzi, kama aliyeondolewa mzigo begani.

"Ngoja kwanza," alisema Mwalimu. "Hapa darajani. Zimamoto wamefika, wana ngazi. Ngazi fupi, mbovumbovu, lakini ngazi. Watu wanawaambia nini? 'Hatuhitaji, Kishindo yule pale, tunamwona.' Wamebaki juu ya daraja kwa sababu yake. Angekaa tu nyumbani na kaptura yake, wangeshuka na ngazi."

Dereva alinyoosha shingo aione tena ile picha.

"Alivaa joho wakati hana kitu," alisema Dereva taratibu. "Duh. Sasa huyo ni mbaya kuliko mwoga."

"Aliona aibu," alisema Fundi.

"Aibu ya nini?"

"Wote wanamtegemea yeye. Wameshamtangaza. Anaanzia wapi kusema?"

"Anaanzia mdomoni, shemeji! Mdomo haukuisha nguvu!"

"Ah, jamani," Fundi akainua mikono, "na hiyo ni hadithi tu!"

Hakujua limetokaje. Dereva alipiga yowe la furaha, akatazama saa yake ya mkononi. "Saa tano na dakika kumi! Nusu saa, kimya, hata kukohoa omba ruhusa!"

Fundi alifunga mdomo. Kusema kweli, alishukuru.

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu daktari wa ghorofa ya pili amwite peke yake. Vipimo vyote vya kumpa mdogo wake figo vilikuwa vimekwenda vizuri mpaka cha mwisho. "Hatuwezi kuichukua," daktari alimwambia. "Zako zenyewe zimeanza kuharibika. Presha imezila kimyakimya. Tukichukua moja, tutahitaji kiti cha nne kwenye kile chumba." Halafu akauliza, "Tumwambie sisi?" Fundi akasema hapana, nitamwambia mwenyewe. Akashuka ngazi akiwa na maneno tayari mdomoni. Akamkuta Jaji anamsimulia nesi jinsi atakavyokunywa maji akishapata figo ya kaka yake, jagi zima, barafu juu, bila kupimiwa kikombe na mtu. Akayameza yale maneno. Jumatano akasema nitamwambia Ijumaa. Ijumaa akasema akipumzika wikiendi. Vidonge vyake vya presha alivificha kwenye boksi la bisibisi.

"Jaji, hukumu," alisema Dereva. "Tusije tukafa kabla ya hukumu."

Jaji alifungua macho. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, maana damu ikirudi inarudi na baridi yake.

"Kuishiwa nguvu si kosa," alisema. "Aibu nayo naielewa, kila mtu ana yake. Siku ya kwanza asiposema, namsamehe. Ya pili namsamehe." Akatafakari. "Lakini alipowaona zimamoto wanafukuzwa na ngazi yao, akanyamaza? Hapo simsamehe. Ana hatia."

"Kifungo?"

"Sina. Ashuke tu hapo ghorofani, aache kutazamwa."

Simu yake ikatetemeka juu ya blanketi. Akaisoma, akatabasamu. "Mama mdogo huyu. Kumbe wamewahishwa. Anasema wameshakaguliwa, wanangoja kuitwa kupanda ndege." Akamgeukia Mwalimu. "Si yule niliyewaambia, amepata kazi nje ya kulea wazee, mkataba miaka miwili? Alikuja mwezi uliopita, damu zetu zinaoana, akanyoosha na mkono kabisa, akasema apimwe yeye atoe figo. Nikamwambia mama mdogo, acha hizo, usipoteze kazi, kaka yupo."

Akampapasa Fundi goti.

Fundi alitazama ule mkono. Kidole chake cha shahada kilikuwa bado na doa la wino wa mihuri, miezi minane tangu aache kwenda kazini, au labda lilikuwa kovu, hakuwahi kuuliza.

"Mdogo wangu," alisema.

"Aa-aa!" Dereva akainua saa. "Bado dakika kumi na nane!"

"Walinikataa."

"Shemeji, kifungo—"

"Figo yangu. Wamekataa kuichukua." Sauti yake ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. "Zangu mbovu. Presha. Waliniambia siku kumi na moja zilizopita, nikashindwa kukuambia. Mpigie mama mdogo. Mpigie sasa hivi, hajapanda."

Jaji alitaka kukaa, mkono ukavutika, na mashine ikaanza kulia, ile sauti yake ya vipindi vitatu vitatu. Fundi alisharuka kutoka kwenye kistuli. Alijua ni mrija umejikunja, aliuona kwa macho yake, pale pale chini ya kiwiko. Mikono yake ikabaki hewani.

"Kaa pembeni, kaka," nesi akamsukuma kwa bega, akaunyoosha mrija, akabonyeza kitufe. Kelele zikakoma. "Tulia, mama. Usikunje mkono."

Jaji alitulia. Akabonyeza simu kwa dole gumba, akaiweka sikioni. Chumba kizima kilisikia ikiita.

"Mwanangu!" Sauti ya mama mdogo ilijaa, na nyuma yake watu na masanduku na tangazo la mwanamke asiyeeleweka. "Ndiyo tumeitwa hivi! Vipi, uko kwenye mashine? Fundi yupo? Mwambie akutunze, na hiyo siku ya upasuaji ikipangwa mnijulishe, nitafunga huko huko kuwaombea!"

Fundi alikuwa amesimama, akimtikisia mdogo wake kichwa, mwambie, mwambie. Jaji alimtazama yeye huku anasikiliza simu. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayesoma jalada refu.

"Nilitaka kukuaga tu, mama mdogo," alisema. "Nenda salama."

"Na wewe mwanangu. Na kaka yako mwambie Mungu ambariki sana."

"Nitamwambia."

Simu ikakatika. Fundi aliichukua kutoka mkononi mwake, akapiga tena. Iliita mara mbili, ikakatwa. Akapiga tena, na sauti ya mtandao wa simu ikamwambia mteja hapatikani. Akapiga tena. Mwalimu aligeuza uso dirishani. Dereva alikitafuta kile kitabu kwa mkono mmoja, akakumbuka hakiko kwake, akabaki anashika hewa.

"Kwa nini hukumwambia?" Fundi aliuliza.

"Nimwambie nini? Shuka kwenye ndege, toa figo? Yuko mlangoni, kaka, na tiketi mkononi." Hakuwa na hasira kwenye sauti, na Fundi aliitamani hasira. "Mwezi uliopita ningeweza. Wiki iliyopita, labda. Nilikuwa na siku kumi na moja za kumwomba taratibu, na yeye za kukataa taratibu."

"Tutatafuta mwingine. Nitaongea na ukoo, nitaongea na—"

"Lazima walikupa vidonge. Umeanza?"

"Vipi?"

"Vya presha. Umeanza kunywa?"

"Nameza, ndiyo. Siku nyingine nasahau."

"Usisahau," alisema Jaji.

Halafu akageuza uso kuelekea ukutani, kadiri mirija ilivyomruhusu, ambayo haikuwa mbali. Kila mtu bado alikuwa anaona shavu lake. Dereva akafumba macho ili asilione, Mwalimu akavua miwani. Fundi, kwa kukosa la kufanya, alivuta blanketi limfunike mdogo wake bega, likateleza, akalivuta tena. Kioo cha mashine kilionyesha saa moja na dakika arobaini zilizobaki.