Moja kwa Sabini na Mbili

Abedi alinyoosha mkono kunisalimia, akaunyoosha pembeni, mahali ambapo sikuwa nimesimama. Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye pikipiki, vumbi la njia ya Kabambare limenijaa hadi kwenye kope, na boksi nimelikumbatia kifuani. Kwa muda niliutazama ule mkono ukingoja hewani. Kisha nikasogea hatua mbili kushoto, nikaufuata, nikaushika. Akatabasamu. Labda hakujua kwamba nimesogea, labda alijua akanisitiri. Kwa Abedi mambo hayo mawili ni vigumu kuyatenganisha.

"Mwalimu Élysée," akasema. "Kawia ufike. Umekuja na yeye?"

"Nimekuja na yeye."

Alikuwa akiuliza habari za boksi.

Mimi ni mtu wa maketi. Wengine hukusanya mbuzi, wengine hukusanya vyeo. Mimi nakusanya ndege, meli na magari moshi ya plastiki, yale yaliyokuwa yakiuzwa vipandevipande ndani ya boksi ili mnunuzi ayaunge mwenyewe kwa gundi; hayo ndiyo maketi. Mapya siyataki. Nataka ya zamani, ya kabla sijaota ndevu, ambayo hata kampuni zilizoyatengeneza zimekwisha kufa. Yangu yametoka kwenye dari za nyumba za misheni na kwenye maghala ya pamba yaliyoachwa, na moja lilitoka Nyangwe kwa mvuvi aliyekuwa akiweka ndoana juu ya kifuniko chake. Ninayo kumi na tisa. Yanakaa katika sanduku la chuma chini ya kitanda changu mjini Kasongo, pamoja na makaa ya kunyonya unyevu na vidonge vya kufukuza nondo. Marehemu mke wangu Anastasie alikuwa akisema kwamba siku nyumba itakapoungua nitaokoa sanduku kwanza, halafu nitakumbuka kuuliza yeye yuko wapi. Tulikuwa tukicheka. Siku hizi sina hakika kama na yeye alikuwa akicheka.

Na katika kumi na tisa hayo hakuna hata moja nililoliunga. Ndiyo sheria yetu sisi wakusanyaji: boksi lililofungwa lina heshima, na lililofunguliwa ni plastiki tu. Hivyo ndivyo wanavyosema wenzangu wa kwenye simu, wazee wa nchi za mbali ambao sijapata kuonana nao, tunaotumiana picha za vifuniko. Akiba haiozi, nilikuwa nikijiambia. Nilijivunia vitu ambavyo sijawahi kuviona ndani.

Lakini hili la Abedi halikuwa langu. Lilikuwa letu. Mwaka wetu wa mwisho wa sekondari, Furera, mtawa wa misheni aliyekuwa akitufundisha jiometri, alitupa zawadi moja watu wawili, kwa kuwa alama zetu zililingana. Ilikuwa ndege ya majini yenye injini nne na tumbo la mtumbwi, iliyopunguzwa kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, hata rubani wake hakuzidi pingili ya kidole gumba. Kwenye kifuniko imechorwa ikitua juu ya mto mpana wenye rangi ya chai. Abedi alishikilia kwamba huo ni Lualaba, tena ni pale Nyangwe, na kwamba yule mtu aliyechorwa amesimama ukingoni ni mjomba wake. Tulibishana juma zima. Furera akasema tu, "Mtaiunga pamoja," akaenda zake kwao Ulaya, hakurudi.

Tulisema likizo ijayo. Mimi nikaenda kwenye ualimu, yeye akarudi kwao Kabambare akafungua kibanda cha kutengeneza redio, na boksi likabaki kwake kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Likizo ijayo ikawa miaka. Vita vilipofika, Abedi alikimbilia porini upande wa Lusangi na watoto wawili, sufuria moja, na lile boksi ndani ya mfuko wa nailoni. Alilifukia kando ya kichuguu, akalifukua baada ya miezi saba. Mkewe Mwamini hajamsamehe mpaka leo, kwa sababu ili kulibeba boksi aliacha godoro.

Nilimwuliza wakati mmoja kwa nini hakuiunga mwenyewe, miaka yote hiyo, na ufundi wake wote. Alinishangaa.

"Si iko ya watu wawili?"

Miaka miwili iliyopita alinipigia simu. Alikuwa akitengeneza redio ya jirani, akaona waya mmoja umekuwa miwili, halafu hakuona hata mmoja. Alisafiri hadi Bukavu, na daktari wa huko akamwambia kwamba ni presha ya macho, kwamba amechelewa, na kwamba mwanga uliobaki huenda ukakaa mwaka mmoja, huenda usifike. Alinieleza hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mihogo.

"Njoo tuunge ile ndege, Mwalimu. Nataka niione."

Nilikwenda juma lilelile. Mimi si jiwe. Lakini Mwamini alipolitoa boksi juu ya kabati na nikaona ile karatasi angavu ya kiwandani bado imelibana pande zote, haijachanika popote, baada ya vita na baada ya shimo, moyo wangu ulifanya jambo ambalo naliona haya kulisimulia. Uliruka kwa furaha, na furaha ile haikuwa ya rafiki. Wenzangu wa kwenye simu walikuwa wakijua maboksi matatu tu ya aina ile, dunia nzima, ambayo hayajafunguliwa. Nikajisikia nikisema kwamba hatuna kole, yaani gundi, ya maana, hatuna rangi, wala brashi. Nikasema acha niende nalo Kasongo nitafute vifaa, nitarudi kiangazi. Abedi hakuuliza swali. Alilifunga mwenyewe kwa kitenge cha mkewe, akapapasa fundo mara mbili ili lisilegee.

Kiangazi cha kwanza nilimwambia kwamba kuna watu wenye silaha njiani. Ilikuwa kweli, juma lile. Baadaye nikamwambia mvua imebeba daraja. Hiyo nayo ilikuwa kweli, kwa siku kumi na mbili. Nilikuwa fundi wa kuchagua kweli inayonifaa. Kila mara alinijibu, "Hakuna neno. Yeye iko salama?" nami nikamjibu kwamba iko salama, na jioni nikalitoa, nikalipangusa, nikalipiga picha. Niliituma kwa wale wazee. Mmoja akaniuliza kama ni langu. Nikaandika: ndiyo.

Mwezi wa sita mwaka huu alipiga tena. Tuliongea habari za mihogo, za mjukuu wake, za mvua. Mwishoni akasema, "Sasa usijisumbue na haraka, Mwalimu. Imekwisha."

"Nini imekwisha?"

"Macho."

Kesho yake alfajiri nilikuwa nyuma ya pikipiki ya dereva mmoja anayeitwa Dady. Ile barabara iliyonishinda miaka miwili ilichukua nusu siku tu, na tukapumzika mara tatu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na akili yangu ikikosa raha hukimbilia huko. Niliigawa njia ya Kabambare kwa sabini na mbili. Ilibaki mwendo wa kutoka nyumbani kwangu hadi sokoni na kurudi. Nilikuwa nimeshindwa kwenda sokoni.

Mwamini alituwekea maji ya kunawa, bugali na sombe ya majani ya mihogo barazani. Alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya wanangu, akangoja nimeze tonge la kwanza.

"Shemeji, karibu sana," akasema. "Hapa kwetu chumvi inafikaka kila juma. Sabuni inafikaka. Hata vifaranga vinatoka kule Kasongo juu ya moto, hizi pikipiki, vinafika vizima. Ni weye tu barabara ilikuwa inakataa."

"Mwamini," Abedi akasema.

"Nimesema karibu."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga, na yalikuwa mazuri, yana mwanzo na mwisho. Nikaweka tonge chini nianze, lakini Abedi alikuwa amekwisha kunawa mkono na kuufuta kwenye kanzu.

"Tufungue," akasema.

Niliingiza ukucha kwenye pembe ya boksi. Ile karatasi ilipasuka kwa sauti kavu, na Abedi akainamisha kichwa, sikio moja mbele, namna alivyokuwa akisikiliza redio inayokoroma. Nikainua kifuniko. Harufu ya zamani ikatoka, ya darasa letu, ya chaki na mafuta ya taa, au ndivyo nilivyotaka iwe.

"Rangi gani?"

Sikuwa nikijua. Nimekaa nayo miaka miwili chini ya kitanda na sikuwa nikijua.

"Kijivu," nikasema. "Kijivu cha mawingu ya mvua."

"Ah. Miye nilikuwa naionaka nyeupe. Tangu tuko vijana, nyeupe."

Kole niliyoileta ilikuwa imekauka ndani ya mrija wake. Abedi alicheka, akamwita Dady ampe petroli kidogo kutoka kwenye tangi, kifuniko cha chupa tu, akanituma nikate vijiti vya ile fremu inayoshikilia vipande, nivitumbukize humo. Plastiki ile huyeyuka ndani ya petroli ikawa uji unaonata. Tulivyofanya shuleni, alisema, umesahau? Nilikuwa nimesahau. Mwenye maboksi kumi na tisa alikuwa hajagusa kole tangu akiwa na miaka kumi na tisa.

Tukaanza. Mimi nilisoma namba kwenye karatasi ya maelekezo, yeye akatafuta kipande kwa vidole, akakizungusha mpaka kijino kikakutana na tundu lake. Nilipaka uji kwa unyoya wa kuku. Tumbo la mtumbwi likafungika. Injini mbili zikakaa, halafu mbili nyingine. Alasiri alinyanyuka akaenda kuswali, akarudi akakaa palepale, akanyoosha mkono akaikuta ndege palepale alipoiacha. Nilimtazama uso. Alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Abedi," nikasema. "Barabara haikuwa mbaya."

"Shika bawa."

"Nataka kukuambia kwamba ile miaka miwili—"

"Najua unataka kuniambia nini. Shika bawa, Mwalimu, kole inakauka."

Nikashika bawa. Alilisukuma taratibu mpaka likaingia, akahesabu kimoyomoyo hadi mia, midomo ikicheza. Sikupata tena nafasi ya yale maneno yangu, na nadhani ndivyo alivyotaka. Kuna mtu anayekunyima msamaha kwa hasira. Abedi alininyima kwa kutokubali kwamba kuna kesi.

Kikabaki kipande kimoja, kioo cha chumba cha rubani, kisichozidi kidole gumba, angavu kabisa.

"Hiyo weka weye," akasema. "Kioo haipendi vidole vyangu."

Nilikishika kwa ncha za vidole viwili. Nilipaka uji pembeni, kidogo tu, kama alivyonifundisha. Tone likateleza. Nikaliwahi kwa kidole gumba, na kwa kuliwahi nikalisambaza, na kile kioo kikapiga ukungu mbele ya macho yangu, cheupe, chenye mikwaruzo, upande hadi upande. Nilipuliza. Nilifuta kwa shati. Petroli ikishakula plastiki haitemi. Nikakibandika hivyohivyo, kwa kuwa hapakuwa na kingine. Mwamini alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi, na aliona kila kitu.

"Kioo iko safi?" Abedi akauliza. "Rubani anaona mbele?"

"Iko safi," nikasema.

Mwamini alinitazama, akaingia ndani.

Abedi akaipokea ndege kwa mikono miwili. Kidole chake kikaanzia mkiani, kikapita mgongoni polepole, kikafika kwenye kioo, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena palepale. Kidole hicho kiliwahi kugundua waya uliokatika ndani ya ganda lake la plastiki bila kulichana.

"Safi kabisa," akasema.

Akaiweka magotini, akaigeuzia pua upande wangu. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ukuta wa jirani, na Dady alikuwa akipiga pikipiki yake teke, ikikataa kuwaka.

"Haya," Abedi akasema. "Sasa uniambie iko namna gani. Yote, Mwalimu. Miye sina haraka."

Nikaanza na kioo, kwamba hakikuwa safi.