Mafagio Kabatini

Klabu ya sayansi ilikuwa wazi kwa wote. Mwalimu wa fizikia aliyeianzisha alikuwa ameyabandika maneno hayo mlangoni pa maabara kwa herufi kubwa. Kengele ya mwisho ikilia, wavulana walikimbilia humo kugombea vyuma vya kulehemu. Wasichana walibaki kufagia madarasa, kama desturi ya shule ilivyotaka. Walipomaliza, vumbi hadi kwenye kope, walikuta meza zimejaa, wakapewa tochi wawamulikie wenzao. Mmoja mmoja wakaacha kuja.

"Wasichana hawapendi umeme," mwalimu alisema, bila ubaya wowote. Alisema alichokiona.

Alibaki mmoja tu, aliyekuwa akitoroka zamu. Walimwita Waya, kwa wembamba wake na kwa nyaya zilizojaa mifukoni mwake.

"Njoo klabuni," alimwambia shoga yake.

"Na darasa afagie nani, babu yako?"

"Babu ana nyonga mbovu, mwache apumzike."

Shoga yake alicheka, akaenda kufagia.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Waya alikusanya mafagio yote ya shule akayafungia kwenye kabati la maabara. Kengele ilipolia, wasichana waliyatafuta wee, mwisho wakaingia maabara kundi zima, wamevimba mashavu.

"Lete mafagio, tuna kazi sisi!"

"Nitaleta. Shika kwanza waya huu mwekundu." Mbele yake redio mbovu ya mlinzi wa shule ilikuwa imefunuliwa tumbo. "Wewe, lehemu hapo. Taratibu, usije ukajiunguza."

"Leo humu kuna harusi?" mvulana mmoja aliuliza.

"Ipo. Wewe utashika tochi."

Redio ilipokohoa, kisha ikaanza kusoma habari, hakuna aliyekumbuka mafagio.

Asubuhi madarasa yalikuwa jalala. Makamu wa mkuu wa shule, mwanamke asiyepandisha sauti hata akikasirika, alimwita Waya ofisini pamoja na mama yake na mwalimu wa fizikia.

"Utaomba radhi mbele ya shule nzima. Ukikataa, klabuni usikanyage tena."

Mama mtu, fundi cherehani aliyeacha nguo ya mteja mashineni, alimfinya binti yake. "Sema samahani, mwanangu, twende zetu. Samahani haichubui mdomo."

Mwalimu wa fizikia alitazama viatu vyake. "Jana nilikosa pa kukaa," alisema polepole. "Wasichana walijaa."

"Sikukuuliza, mwalimu."

Waya alifikiria harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka. Hakuna kitu shuleni alichokipenda kama hicho. Akafikiria pia samahani yenyewe: akishaitamka mbele ya wote, wasichana watarudi kufagia, na safari hii yeye ndiye atakuwa amewarudisha.

"Unasemaje?" makamu aliuliza.

Aliweka ufunguo wa kabati juu ya meza.

"Mafagio hayo hapo, wapeni na wavulana. Radhi siombi."