Ushuru wa Chupa Isiyo na Hewa

Redio yetu ilikufa katikati ya taarifa ya habari, na mume wangu akaimalizia.

Nasema kweli. Msomaji alikuwa amefika pale pa "Waziri amewataka wananchi wote," mara redio ikakohoa, ikanuka kama nywele zilizoungua, ikanyamaza. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, kikombe mkononi. Hakushtuka wala hakulalamika. Alisafisha koo, akasema kwa sauti ya puani ambayo sikuwahi kuisikia tangu anioe: "Wawe na subira. Sasa hali ya hewa."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Lakini mzaha gani unaanza jioni na asubuhi bado umekaa mezani unasubiri chai?

Tangu hapo mume wangu hakuwa mtu wa kuzungumza naye, akawa mtu wa kusikilizwa. Jogoo akiwika, yeye anafungua matangazo. "Habari zilizotufikia hivi punde kutoka jikoni zinasema maharage yameungua. Mhusika hajapatikana kutoa maelezo." Mhusika nimesimama mbele yake na mwiko! Nikimwambia, "Baba, kuni mbichi umeleta wewe, sasa unanitangaza mimi?" anaingia kwenye matangazo ya vifo. Redio haijibizwi. Ukiigombeza, inakusomea mvua.

Majirani walimpenda. Walimpa jina la Idhaa, wakawa wanakuja na vigoda vyao, wanaleta salamu zisomwe. Mimi nikawa mpika chai wa wasikilizaji. Dada yangu akaniambia, "Una bahati, mwenzangu. Wangu hata habari hana." Hajui alisemalo. Mtu ukizoea kuitwa, halafu ukakaa bila kuitwa, unaanza kujifinya mkono uone kama upo. Sikutaka makubwa. Nilitaka mtu aniangalie usoni aseme, "Mke wangu, chumvi imezidi." Basi.

Nikamwita fundi redio. Akafungua mfuniko wa mgongoni, akachungulia, akatikisa kichwa kama daktari. "Bibi, valvu imekufa." Akanionyesha. Ni kichupa cha kioo, kirefu kama kidole gumba cha mtu mnene, ndani kina vinyuzi na vibati, na hewa yote imenyonywa ikaisha. Utupu huo wenye elimu huuita ombwe. Mimi nauita hamna kitu. Bila hiyo hamna kitu, redio haisemi.

"Siku hizi hazipatikani," fundi akasema. "Labda ng'ambo."

Ng'ambo ninaye mkwe, mume wa binti yangu wa mwisho. Alihangaika, Mungu ambariki, akazipata mbili katika duka la mzee mmoja aliyekuwa anafunga biashara. Hakukuwa na nyingine. Akazizungushia pamba kama mayai ya njiwa, akatuma. Zikafika forodhani. Hapo ndipo ulimwengu uliponionyesha meno yake yote.

Afisa wa forodha alikuwa bwana mwembamba mwenye tai fupi iliyoishia juu ya kitovu. Alifungua kiboksi changu kwa heshima, akainua valvu moja kwenye mwanga.

"Shikamoo bibi. Hii ni nini?"

"Marahaba. Hicho ni kitendawili, mwanangu."

"Tega," akasema, akajuta hapo hapo, maana nyuma yangu foleni ilifika mlangoni.

"Nyumba yangu ya kioo, jirani yuko nje pande zote. Siku jirani akiingia, nyumba inakufa."

Afisa akafikiri. Foleni nayo ikafikiri. Mmoja akasema jicho. Mwingine akasema ndoa, watu wakacheka.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Bibi, hapa ni forodhani. Miji hatutoi."

"Basi ni hicho ulichoshika. Jirani mwenyewe ni hewa."

Hakucheka. Alivuta kitabu cha ushuru, kizito kama tofali, akakifungua kwa mikono miwili. "Kila kitu duniani kina fungu lake humu," akaniambia. "Kikiwa na fungu kina ushuru. Kikiwa na ushuru kinatoka. Kisicho na fungu hakipo."

"Mbona umekishika?"

"Nimekishika kwa muda." Akalamba kidole, akafunua. "Je, ni taa? Inawaka?"

"Inawaka kidogo, kama jicho la paka."

"Kidogo si taa. Basi ni chupa. Chupa hutozwa kwa kilichomo. Ndani mna nini?"

"Hamna kitu."

"Mna hewa."

"Hata hewa hamna. Ndiyo kazi yake."

Akainuka, akaenda kumwita Mkuu wake, mama mmoja mnene wa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. "Mkuu, bibi huyu anaingiza nchini kitu ambacho hakimo."

"Wa magendo wote husema hamna kitu," Mkuu akajibu. "Fungua tuone."

"Jamani hakifunguliwi!" nikapiga kelele.

Lakini afisa alishainua muhuri wake wa chuma, akagonga. Kichupa kikasema "pfff!" kama mtu aliyetoka kuzama akavuta pumzi. Wakainamisha vichwa, wakachungulia vipande.

"Kweli hamna kitu," afisa akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni.

"Acha uvivu," Mkuu akamwambia. "Tazama vizuri. Mna hewa tele! Bibi, umesema hewa hamna. Umetoa maelezo ya uongo."

"Hewa hiyo imeingia sasa hivi! Ni yenu, ya humu humu ofisini!"

"Una uthibitisho kwamba ni yetu?"

Nikawatazama. Walikuwa hawatanii. Afisa akaandika: chupa ya kioo, moja, imevunjika, ndani hewa, asili yake haijulikani. Nikakinyakua kile kilichobaki, nikakibana kifuani. "Hiki ndicho cha mwisho duniani," nikawaambia. "Mwenye kukigonga, nitamgonga." Foleni ikapiga makofi.

Mkuu akashusha miwani ya kichwani, akanitazama kwa miwani yote miwili. Nadhani alinihurumia. "Mama, usilie. Kipuri humfuata mzazi wake. Kipuri cha gari huenda na gari, cha jokofu na jokofu. Kirudishe hapa mezani, na kesho utuletee hicho chombo chenyewe. Tukishajua mzazi, mtoto atapata fungu."

Kesho yake nikakodi mkokoteni. Redio yetu si hizi za kutia mfukoni. Ni jumba la mbao, lina milango miwili ya kufunika spika, lina miguu, na juu nimeitandika kitambaa nilichofuma mwenyewe. Mzee akaja nyuma ya mkokoteni akisoma bei za mazao sokoni, maana redio na redio haziachani. Mwenye mkokoteni akaniuliza kwa kunong'ona, "Bibi, huyu naye anashushwa huko huko?"

Afisa alipoiona akapiga mluzi. "Kabati zuri."

"Ni redio."

"Lina milango, lina miguu, lina kitambaa. Hili ni kabati. Redio husema. Hii inasema?"

"Haisemi kwa sababu kipuri chake mnacho nyinyi."

"Na sisi hatukitoi mpaka iseme. Isiposema, hiki ni sehemu ya samani kutoka nje. Bibi, ushuru wa samani utauza nyumba yako, na kabati lenyewe ndani yake."

Nikashika kiuno. Mzee wangu, miguu ikiwa imemchoka, alikuwa amejikalia kwenye sanduku la mtu nyuma ya redio, hata upara haukuonekana. Na saa ya ukutani ikagonga saa kamili.

"Hapa ni forodhani," ikasema sauti ya puani. "Ifuatayo ni taarifa ya habari. Foleni imeripotiwa kusimama tangu asubuhi. Wachunguzi wa mambo wanasema mwenye mzigo wa tatu amevaa viatu vya mwenzake. Na chai ya afisa imeingia nzi."

Mwenye mzigo wa tatu akatazama miguu yake. Afisa akatazama kikombe chake. Nzi alikuwemo, anaogelea.

"Inasema!" afisa akapaza sauti. "Na habari zake ni za uhakika!"

"Huyo ni mume wangu," nikasema. "Yuko nyuma."

Mkuu akazunguka, akachungulia, akarudi. "Kweli kuna mzee nyuma. Anasikiliza. Tumwache."

"Hasikilizi, anasema yeye!"

"Bibi, usituchanganye. Tunaainisha redio. Mume hana fungu humu."

Redio sasa ilikuwa imeingia kwenye mpira. Sijui timu gani, sijui uwanja gani. Mzee alijua mwenyewe. Alitangaza krosi, alitangaza vumbi, alimtangaza kipa aliyepoteza glavu moja. Foleni ikavunjika, watu wakaizunguka redio kama kuku wanaozunguka pishi ya mtama. Mkuu akakaa juu ya mzigo wa watu. Afisa, sikio moja kwenye mpira, akaandika haraka haraka: redio, nzima, inafanya kazi vizuri sana. Akainua muhuri. Moyo wangu ukapanda nao.

Muhuri ukasimama angani.

"Mkuu," akasema polepole. "Redio ikiwa nzima, kipuri cha nini?"

Mkuu hakugeuza hata shingo. "Redio nzima haina haja ya kipuri. Kirudishwe kilikotoka. Nyamaza, ni penalti!"

Afisa akachukua kile kichupa changu cha mwisho, akaanza kukifunga pamba kirudishwe. Nikaona maisha yangu yote yaliyobaki: mimi na taarifa ya habari, taarifa ya habari na mimi, mpaka siku moja mzee atangaze kifo changu kwa sauti ile ile na kuingia kwenye hali ya hewa. Machozi yalinitoka bila kuombwa ruhusa.

"Mpigaji anarudi nyuma," sauti ikasema. "Uwanja mzima kimya. Anauweka mpira vizuri. Anamtazama kipa. Anakimbia…"

Sijui nani aliutuma mkono wangu. Nilinyoosha nikashika kitufe cha redio, nikakizungusha: tak!

Mzee akanyamaza.

Kimya kilichofuata kingeweza kubebwa kwa mkokoteni. Halafu watu wakalipuka. "Imeingia au haijaingia?" "Washa!" "Bibi kaharibu!" Afisa akaruka meza, akazungusha kitufe mara huku mara huko. Kimya. Akaipiga redio kibao cha ubavuni, kama wafanyavyo wanaume wote. Kimya. Mkuu alikuwa ameshika kichwa, miwani imedondoka.

"Imeharibika," afisa akasema.

"Si nilikwambia tangu jana?"

"Kipuri! Mkuu, redio mbovu, inahitaji kipuri!"

"Gonga muhuri, unangoja nini!" Mkuu akafoka. "Gonga, bibi aende akaitengeneze, arudi atuambie imeingia au vipi!"

Muhuri ukagongwa mpaka meza ikaruka. Ushuru ulikuwa wa kipuri cha redio, kidogo tu, hata sikuuonea uchungu. Nikakipokea kichupa changu kama mtu anayepokea kichanga.

Lakini njiani nikaanza kuogopa. Mzee hakusema. Si habari, si bei za mazao, si salamu. Alitembea nyuma ya mkokoteni amefunga mdomo, macho mbele. Nikamwita, "Baba." Kimya. Nikamwambia, "Basi nisomee hata mvua." Kimya. Nikajisemea, umetaka mume, umepoteza na redio. Kule nyumbani majirani walikuwa wamekwisha kukaa na vigoda vyao; walipoona amepita bila hata ishara ya saa, wakainuka mmoja mmoja, wakaondoka kama watu waliotoka kuzika.

Fundi akaja, akachomeka kichupa. Tukangoja. Hizi redio za zamani haziamki kwa pupa. Lazima zipate joto kwanza. Kichupa kikaanza kuwa chekundu kwa ndani. Redio ikanguruma, ikapiga chafya, mara sauti ya mtu wa mbali kabisa, mtu wa kulipwa mshahara, ikasema habari za dunia.

Mzee akaisikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni.

"Mke gani," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito yenye mikwaruzo, "mke gani humzima mumewe mbele za watu?"

Ilibidi nikae chini. "Sema tena."

"Umenizima! Mbele ya umati! Na penalti haijapigwa!"

"Kwani wewe una kitufe, nikuzime?"

"Usijifanye hujui, mwanamke."

"Haya, niambie basi. Iliingia?"

"Sikwambii."

"Niambie, baba. Ofisi nzima kule haifanyi kazi."

"Wasifanye! Na wewe hutajua mpaka unaingia kaburini!"

Fundi alikusanya vifaa vyake akaondoka bila kuaga, akidhani ameingilia ugomvi mkubwa. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Tukaendelea hivyo, yeye neno, mimi neno, yeye neno, mimi mawili. Redio ikajaribu kuingilia kati na habari za ukame mahali fulani. Mzee akanyoosha mkono, bila kuniondolea macho, akaipunguza sauti.