Macho ya Makhanu

"Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu, haina hata tone la uongo!" Mzee Shikanga aliapa mbele ya waombolezaji, kidole juu. "Huko Musanda kuna mtu alitiwa jicho la maiti. Kulala, kuamka, anaona ng'ombe wa yule maiti wakipita sebuleni. Akawa anawaita kwa majina! Mpaka mjane akamfuata, akamwambia, wewe ndiwe bwana yangu, twende nyumbani."

Wazee wakaguna. Mmoja alijifunika macho kwa kofia.

Awinja alikuwa amesimama mlangoni, hasira zimempanda. Baba yake, Makhanu, alikata roho alfajiri hiyo, mwaka wa tisini na sita, na neno lake kwa binti yake lilikuwa amri: macho yangu yasioze bure, wapeni watu. Awinja alikimbia hadi misheni ya Mukumu kupiga simu. Sasa nesi Jelagat alikuwa amefika na kisanduku chake cha barafu, lakini vijana wenye fimbo walimzuia langoni. Nesi alikuwa amesema wazi: jua likitua, macho hayo hayatamfaa mtu tena.

"Baba mdogo, mwambie nesi aingie," Awinja alimwambia Were, ndugu ya marehemu.

"Aingie afanye nini? Jioni ng'ombe wa ukoo wanaletwa kumuaga. Atawatazama na nini? Akikasirika akaturudia usiku, utamtuliza wewe?"

"Alisema mwenyewe!"

"Alisema akiwa na homa."

"Homa gani? Alisema akila obusuma na kuku, akaomba aongezewe mchuzi!"

"Watoto wa siku hizi hawasikiangi," Shikanga akaingilia. "Yule wa Musanda naye..."

"Anaitwa nani?" Tangu utotoni Awinja alimwita mzee huyu baba. Siku hiyo hakumwita hivyo. "Mtaje jina."

Shikanga akakohoa. "Osundwa."

"Osundwa nani?"

"Osundwa tu. Alihama."

"Akahamia wapi?"

"Uganda."

Watu wakaangua kicheko, lakini langoni hakuna fimbo iliyoshushwa. Hilo ndilo lililomchoma Awinja. Wanajua ni uongo, na bado wanausimamia!

Mara Edah, bibi ya Shikanga, akatoka jikoni na mwiko umejaa unga.

"Uganda, eh? Mwenye jicho la maiti ni mimi hapa."

Ua mzima ukamgeukia.

"Mliambiwa nilienda Nairobi kutolewa mtoto wa jicho. Uongo! Nilitiwa kioo cha jicho cha marehemu nisiyemjua hata jina. Huyu akanikataza kusema, eti mtakataa chakula changu. Haya, nimewapikia matanga mangapi tangu hapo? Nani alikufa? Na sebuleni kwetu, Shikanga, nimeona ng'ombe gani zaidi yako?"

Were akamsogelea, akamchungulia. "Unaniona kweli?"

"Nakuona, shemeji. Hata hiyo shati umeivaa ndani nje."

Awinja hakucheka. Alimwendea Shikanga mpaka pumzi zao zikakutana. "Watu wengine walikubali marehemu wao atolewe macho, bibi yako akaona. Wewe ukanyamaza. Leo ni zamu ya baba yangu, unaleta hadithi!"

"Mwanangu, mimi nilikuwa nachangamsha matanga..."

"Nenda ukamlete nesi. Wewe mwenyewe."

Shikanga alikwenda. Vijana wakamtazama Were. Were akainamisha kichwa, fimbo zikashuka. Mzee akarudi amebeba kisanduku cha barafu kama mtu aliyebeba nyoka.

"Utalipa faini," Were akamfokea. "Umenifanya nimkatalie ndugu yangu neno lake. Leta dume lako la ng'ombe."

"Sitaki dume," Awinja akasema. "Nesi, andika jina la huyu. Akifa, macho yote mawili."

Shikanga akamwangalia Edah. Edah akainua mwiko.

"Andika, nesi," Shikanga alisema kwa unyonge. "Lakini atakayepewa la kushoto mwonye, hilo limezoea kutazama bibi za watu."

Hakuna aliyemcheka. Awinja alimshika mkono, akakipaka kidole gumba chake wino wa nesi, akakikandamiza juu ya karatasi. Hakumwachilia mpaka nesi aliposema inatosha. Kisha akamwongoza Jelagat ndani kwa baba yake. Jua lilikuwa bado juu ya mikaratusi.