Diwani Asiye Ndugu wa Mama Chai

Mama Chai alikaa kwenye benchi la wananchi, mkoba mapajani. Madiwani walikuwa wanaamua kama kibanda chake cha chai pale ufukweni kivunjwe, magari yapate pa kuegeshwa. Kibanda hicho ndicho kilichomweka mjini tangu mumewe afariki, na kazi nyingine hakuijua.

Katibu, kijana mgeni aliyeipenda sheria kupita kiasi, akasimama. "Kabla ya kura, mwenye udugu na mhusika atoke nje."

Nani amwambie kuwa hapo karibu wote ni ndugu? Mji wenyewe ule mdogo, ukipiga chafya huku unapewa pole kule. Diwani wa Sokoni akainuka: Mama Chai ni shangazi yake. Diwani wa Bandarini, mkwewe aliyemwoa bintiye, akafuata. Diwani mwingine, fundi cherehani, ni wifi yake, naye akabeba pochi akatoka. Wakatoka mashemeji, wakatoka wapwa, akatoka mwalimu mstaafu aliyenyonya ziwa moja na marehemu mumewe. Mama Chai akataka kulia. Kura zake zote zilikuwa zinajitokea mlangoni.

Akabaki mwenyekiti peke yake.

"Na wewe, mzee?" katibu akauliza. "Huna udugu naye?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sina. Nilimposa ujanani, akanikataa. Nilipofiwa na mke wangu nikajaribu tena, akaniambia ninywe chai, inapoa."

Nje ya dirisha madiwani wakaangua kicheko. Mama Chai akatamani ardhi ipasuke immeze. Kama ni kulipiza, mzee huyu nafasi alikuwa nayo mkononi.

"Sheria inasemaje?" mwenyekiti akauliza.

"Waliotoka wanahesabiwa wamehudhuria. Kura ni yako peke yako."

Akanyoosha mkono. "Kibanda kibaki. Magari yakatafute pengine. Mimi asubuhi nitakunywa chai wapi?"

Katibu akaandika, akagonga muhuri. Mama Chai hakujua acheke au alie. Vyote vilimjia kwa pamoja, akaviacha vije. Akamtazama mzee yule aliyekuja kibandani kila asubuhi, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Leo ndiyo kwanza alimwona vizuri. Na kura imeshapigwa, hakuna atakayesema amehonga.

Akainuka, akaweka mtandio wake sawa.

"Katibu mwanangu," akasema, "kikao kijacho mkijadili habari zangu, na mwenyekiti naye umtoe nje."